Mwongozo kamili: kuanzisha kikundi cha waliokatwa viungo Dodoma kisichofia mkutano wa tatu

Mara kwa mara napokea simu ya aina moja. Anapiga mtu wa Kongwa, au Manyoni, au Chang'ombe hapahapa mjini, anasema: "Dada, tulianza vizuri. Tulikuwa kumi na wanne, tukaandika katiba, tukachagua mwenyekiti na mweka hazina. Mkutano wa pili tukaja tisa. Wa tatu tukabaki wanne." Halafu ananiuliza wamekosea wapi.

Nawaelewa, kwa sababu kikundi chetu cha kwanza kilikufa hivyohivyo na katibu nilikuwa mimi. Tulimaliza mikutano miwili tukibishania kiingilio. Kijana aliyekuwa amekatwa mguu wiki tano tu kabla yake alikaa karibu na mlango, na hakuna aliyemuuliza hata usiku analalaje. Hakurudi tena. Namkumbuka hadi leo.

Kosa lipo kwenye mpangilio. Kikundi cha namna hii huanzia kitandani: mtu aliyekwisha kupita njia hii anamtembelea mtu anayeipita sasa. Wakishatembelewa wengi, wao wenyewe wataanza kuulizana, "Hivi tutakutana lini?" Hapo ndipo mkutano unapozaliwa. Ukianza na mkutano, unakusanya watu wasio na deni lolote la moyo baina yao.

Jambo moja kuhusu maneno kabla hatujaendelea. Humu nitatumia neno "kigutu" kwa sehemu ya mguu au mkono iliyobaki baada ya kukatwa, kwa kuwa ndilo neno fupi linaloeleweka. Wapo wasiolipenda. Unapoongea na mtu, msikilize anaiitaje sehemu hiyo, nawe uite hivyohivyo.

## Vitu vya kuandaa

- Watu watatu waliokatwa kiungo, ukiwemo wewe kama ni mmoja wao. Sifa zao ziko Hatua ya 1.
- Kaunta buku moja. Ndiyo ofisi yenu.
- Simu yenye namba isiyobadilika, hata kama ni kitochi. Mgonjwa akipiga baada ya miezi minne akute namba ileile.
- Nauli za matembezi kumi, zikiwa zimetengwa pembeni. Kwa asiyeweza kupanda daladala, hesabu bajaji kwenda na kurudi.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji.
- Bendeji mbili za kuvutika, za kufanyia mazoezi.
- Kioo kirefu cha kawaida, chenye urefu wa kutosha mguu mzima kuonekana.
- Mahali pa kukutania pasipo na ngazi, penye kivuli, viti vyenye mgongo, na choo ambacho mtu mwenye mguu mmoja anaweza kukitumia. Kakague choo hicho wewe mwenyewe kabla ya kukubali mahali hapo. Nimeona ukumbi mzuri ukiwatimua watu kwa sababu ya choo tu.

Katiba, muhuri, fulana na akaunti ya benki haviko kwenye orodha hii. Zamu yake itafika.

## Hatua ya 1: Pata watu watatu wa kwanza

Watafute kwenye idara ya fiziotherapia, kliniki ya kisukari, vijiwe vya bodaboda, misikitini na makanisani. Usiwatafute kumi. Watatu wanatosha, na ni rahisi kuwafundisha.

Kila mmoja awe amekatwa walau mwaka mmoja uliopita, awe anaweza kusimulia yaliyompata bila kuzama ndani yake, na awe mtu wa kutunza siri. Asiwe anauza kitu, iwe ni dawa za mitishamba, mafuta ya upako au bima. Mgonjwa aliye kitandani ni mtu dhaifu, na muuzaji ataunusa udhaifu huo hata kama hakukusudia.

Jitahidi wawe wa aina tofauti: mmoja aliyekatwa chini ya goti, mmoja juu ya goti au mkono, na lazima awepo mwanamke. Kuwa na goti au kutokuwa nalo kunabadilisha maisha yote, maana asiye na goti hutumia nguvu nyingi zaidi kutembea, na akimsikia wa chini ya goti akijisifu kwamba anapanda ngazi, moyo unamvunjika. Mwanamke naye ana maswali ambayo hatamuuliza mwanaume: nitambebaje mtoto mgongoni, mume wangu ataniangaliaje, nitakaaje jikoni penye mafiga.

Tahadhari: mtu anaweza kuwa amekatwa miaka kumi iliyopita na bado asiwe tayari. Ukimwona anatokwa jasho au anabadilika sura kila akipita karibu na wodi, mpe kazi nyingine. Kutunza daftari ni kazi ya maana.

## Hatua ya 2: Omba ruhusa kabla hujaingia wodini

Anza na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata ili mpate barua. Kisha nenda hospitali umwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye ndiye atakayekupeleka kwa mganga mfawidhi. Mjini tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na Hospitali ya Benjamin Mkapa upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Walio Mpwapwa, Kondoa au Kongwa waanze na hospitali ya wilaya.

Peleka karatasi moja tu yenye ahadi zilizoandikwa waziwazi. Sisi tuliandika: tutamtembelea yule tu aliyekubali mwenyewe, hatutatoa dawa wala kugusa kidonda, hatutapiga picha, hatutahubiri, hatutaomba wala kupokea pesa kwa mgonjwa, tutaondoka pale muuguzi atakaposema tuondoke.

Sababu ya ahadi hizi ni kwamba wauguzi wamekwisha kuona wageni wengi wenye nia njema waliovuruga wodi. Ukiingia bila utaratibu hata mara moja, mlango unafungwa kwa miaka.

Utajua hatua hii imefanikiwa siku ambayo muuguzi atakupigia mwenyewe na kusema, "Kuna mama hapa hajala tangu juzi, njooni."

## Hatua ya 3: Jifunzeni kutembelea

Hapa ndipo penye kazi yote. Zilizobaki zinaifuata.

Fanyeni mazoezi kwanza. Mmoja ajilaze awe mgonjwa, wa pili awe mgeni, wa tatu akae na saa ahesabu nani ameongea muda mrefu zaidi. Kama mgeni amezidi nusu ya muda, rudieni. Rudieni mpaka mgeni aweze kukaa kimya dakika nzima bila kutafuta neno la kujaza.

Linganisha mgeni na mgonjwa. Jinsia, umri, kiungo kilichokatwa na chanzo chake. Mzee wa miaka sitini aliyekatwa kwa sababu ya kisukari hafarijiki sana na kijana wa ajali ya bodaboda anayecheza mpira kwa magongo. Anaona maisha yasiyokuwa yake. Mkikosa anayelingana kwa yote, linganisheni chanzo na umri kwanza.

Kuingia. Muulize muuguzi kama mgonjwa bado anakubali leo. Jana si leo. Msalimie kwa heshima ya umri wake: shikamoo baba, shikamoo mama. Kwa mzee wa Kigogo, "Mbukwenyi" hufungua uso kuliko hotuba. Vuta kiti ukae, usimsimamie kichwani. Kisha jitambulishe kwa maneno machache: "Naitwa fulani. Na mimi nilikatwa mguu, chini ya goti, miaka sita iliyopita. Nimeambiwa umeridhia nije kukuona. Umeamkaje leo?" Baada ya hapo, nyamaza.

Maneno ya kuacha nyumbani. "Mshukuru Mungu uko hai." "Utazoea tu." "Fulani hana miguu yote miwili na anaendesha gari." "Najua unavyojisikia." Kila moja linasemwa kwa upendo, na kila moja linamwambia mgonjwa kwamba huzuni yake imezidi kiasi. Mtu aliyepoteza mguu yuko msibani. Huwezi kumwambia mfiwa siku ya pili kwamba atazoea.

Badala yake uliza vitu vyenye jibu: Usiku unasumbuliwa na nini zaidi? Nani anakuuguza? Ukifikiria siku ya kurudi nyumbani, kitu gani kinakutisha?

Mguu wako. Ziara yangu ya kwanza kabisa, dakika ya pili nilipandisha sketi nikamwonyesha mzee mmoja mguu wangu bandia, nikidhani namletea matumaini. Aligeukia ukutani na hakusema neno tena. Alikuwa bado hajautazama mguu wake mwenyewe, nami nikamlazimisha kuutazama wangu. Tangu siku hiyo sionyeshi mpaka niombwe. Na nikiombwa, naonyesha vyote viwili, mguu bandia na kigutu, kwa sababu anachotaka kukiona hasa ni kovu limekaaje.

Anayeuguza. Nje ya wodi kuna mke, mama au dada amekaa na chupa ya uji. Mpe dakika tano za peke yake. Huyo ndiye atakayefunga bendeji, ndiye atakayelaumiwa chakula kikichelewa, na hakuna anayemuuliza hali yake. Mara nyingine atakuuliza mambo ambayo hayasemwi mbele ya daktari: mguu umezikwa wapi, je, si mkono wa mtu huu? Usibishane naye na usimcheke. Sema unachokijua: sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, kidonda hakiponi, nyama inakufa. Kuhusu mguu kuzikwa, waulize hospitali pamoja naye, wampe jibu la kweli.

Kama bado hajakatwa. Wakati mwingine mtaitwa kwa mtu anayekataa upasuaji. Usimshawishi akubali, na usimshawishi akatae. Uamuzi ni wake na daktari wake. Unachoweza kufanya ni kujibu maswali kuhusu maisha ya baadaye, na kumsaidia kupanga maswali ya kumuuliza daktari. Swali la kwanza kwenye karatasi hiyo liwe: "Nikisubiri, nini kitatokea?" Kidonda kilichooza kinaua, naye anastahili kuambiwa hivyo na mtaalamu bila kuzungushwa.

Muda. Dakika ishirini hadi thelathini, kisha aga. Rudi baada ya siku chache, na umtembelee tena nyumbani wiki moja au mbili baada ya kuruhusiwa. Ukilazimika kuchagua, chagua ya nyumbani. Hospitali ina watu. Nyumbani, majirani wanakuja wiki mbili, halafu ua linakuwa kimya na mtu anabaki na dari.

Dalili kwamba ziara imefaa ni mgonjwa kuanza kukuuliza wewe: "Mumeo alisemaje?" "Ulirudi lini sokoni?" Siku hiyo acha kuuliza, jibu.

## Hatua ya 4: Mambo ambayo mgonjwa anaweza kufundishwa na mwenzake

Nyinyi si wahudumu wa afya. Lakini yapo mambo madogo ambayo mgonjwa ameelekezwa akiwa kwenye maumivu na hakuyashika. Yarudieni, na kila mara mseme, "Thibitisha na mtaalamu wako wa fiziotherapia."

*Mto.* Familia kwa huruma huweka mto chini ya goti au paja. Mguu ukikaa umekunjwa kwa wiki kadhaa, kiungo hukaza, na goti au nyonga isiyonyooka haivai mguu bandia vizuri. Mto utoke. Akiruhusiwa, alale kifudifudi kama dakika ishirini, mara mbili au tatu kwa siku. Asitundike kigutu kwenye mshikio wa gongo; wengi wanapumzika hivyo bila kujua wanajiumiza.

*Bendeji.* Hufungwa kwa mtindo wa namba nane, ikaze zaidi mwishoni mwa kigutu na ilegee kadiri unavyopanda. Ikikazwa juu kuliko chini, inakaba na uvimbe unakusanyika mwishoni. Ifunguliwe na kufungwa upya kila baada ya saa nne hivi. Ganzi, ubaridi au maumivu yakizidi, ifunguliwe mara moja.

*Usiku.* Wiki za kwanza mtu huamka kwenda kujisaidia, akasahau, akakanyaga pasipo na mguu. Nimesikia hadithi hii mara nyingi mno, na wengine walirudishwa hospitali kwa kufumuka kidonda. Tochi iwe chini ya mto, magongo au kiti kizito kiwe ubavuni mwa kitanda, mlango wa chumba uwe wazi.

*Choo.* Fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza kigoda imara chenye tundu katikati, kikasimama juu ya choo cha shimo, na kusimika nguzo moja ya kushikilia. Kwangu kitu hiki ndicho kinachorudisha heshima ya mtu haraka kuliko vingine vyote, kwa sababu kinamtoa mikononi mwa watoto wake. Kiwe tayari kabla hajaruhusiwa hospitali.

*Mguu usiokuwepo kuuma.* Wengi wanahisi vidole vilivyokwisha kuondoka vinawasha, vimejikunja au vinachomwa moto. Wengi pia hawasemi, wakiogopa kuitwa wendawazimu au waliologwa. Wewe ndiye wa kusema kwanza: "Mimi wangu unawasha kisigino." Utaona uso unavyolegea. Eleza kwamba ubongo bado unaujua mguu ule na unaendelea kupokea ishara kutoka kwenye mishipa iliyokatwa. Wengine wanapata nafuu kwa kukikanda kigutu kilichokwisha kupona, au kwa kioo: kaa, simamisha kioo katikati ya miguu kielekee mguu mzima, tazama humo ndani huku ukiusogeza mguu huo polepole kwa dakika kumi hivi. Jicho linaona miguu miwili. Akijisikia vibaya au kizunguzungu, aache. Maumivu yakimnyima usingizi, amwambie daktari, kwani dawa za maumivu ya aina hii zipo.

*Mguu uliobaki.* Kwa mwenye kisukari, huu ndio wa kuulinda kuliko kitu chochote. Kila jioni autazame hadi chini ya unyayo, kwa kioo kama hawezi kuinama. Asitembee peku, na kandambili hazitoshi kwa miba yetu ya migunga. Akung'ute kiatu kabla ya kuvaa. Mtu asiye na hisia mguuni anaweza kutembea na mwiba siku nzima.

*Mguu bandia.* Waambieni ukweli mapema. Hauvaliwi mpaka kidonda kipone na uvimbe upungue, na hiyo ni wiki nyingi hadi miezi. Uliza kwanza hospitali ya rufaa wanakuelekeza wapi na kwa gharama gani, kabla hujauza mbuzi. Vituo vinavyofahamika ni hospitali ya KCMC kule Moshi, ambako pia kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, na kwa Dar es Salaam ni taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili na hospitali ya CCBRT. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, safari ya Dar imekuwa ya saa chache na si adhabu ya siku nzima ndani ya basi ukiwa na kigutu kibichi.

Soketi, yaani ile sehemu ya juu ya mguu bandia ambamo kigutu huingia, ya kwanza italegea. Kigutu husinyaa katika mwaka wa mwanzo, kwa hiyo mtu huongeza soksi na baadaye hutengenezewa soketi nyingine. Asidhani ametapeliwa. Mtoto naye anakua, atahitaji kubadilishiwa mara kwa mara. Na mguu bandia hauazimwi wala kurithiwa, maana soketi imechongwa kwa mwili mmoja.

Mstari mwekundu. Homa, usaha, harufu, wekundu unaopanda, maumivu mapya makali, au mguu uliobaki kubadilika rangi: kituo cha afya siku hiyohiyo. Msijadiliane kwenye simu.

### Makaratasi

Hili ni fupi lakini limewagharimu watu wengi. Aliyepata ajali ya barabarani atunze nakala ya PF3, ile fomu ya polisi, na namba ya gari au pikipiki, kwa ajili ya madai ya bima. Aliyeumia kazini amwambie mwajiri atoe taarifa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi mapema. Muda wa kudai una ukomo. Anayetafuta kurudi kazini ajue kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu.

## Hatua ya 5: Anapozama

Wapo watakaosema, "Bora ningekufa." Usilipite neno hilo kama upepo. Muulize kwa upole na moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo hilo; kunampa ruhusa ya kulitua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Mwiteni ndugu anayemwamini, ondoeni dawa, kamba na sumu za shambani karibu naye, na mpelekeni hospitali siku hiyo. Dodoma tunayo Hospitali ya Mirembe, ya magonjwa ya akili. Najua jina hilo linaogopwa na kutumika kutukania watu. Waambie ndugu zake kwamba huko wapo wanaojua kutibu huzuni ya aina hii, na kwamba unakwenda nao.

Hapa siri ina mpaka, na mwambie hivyo tangu ziara ya kwanza: "Tutakayoongea ni yetu, isipokuwa nikiona maisha yako yako hatarini."

Mgeni aliyetoka kwenye ziara kama hiyo naye apigiwe simu jioni. Msiruhusu mtu abebe hilo na kulala nalo.

## Hatua ya 6: Mkutano wa kwanza

Subirini mpaka mmetembelea watu wanane au zaidi. Kisha waalikeni mmoja mmoja kwa simu, si kwa tangazo.

Iwe asubuhi, saa tatu hadi saa tano. Joto la mchana la Dodoma, hasa Oktoba na Novemba, hujaza soketi jasho, ngozi inachubuka, na mtu anafika kwake na malengelenge. Epukeni Ijumaa na Jumapili, na siku ya mnada wa eneo lenu. Nauli itolewe mtu anapofika, mkononi, bila kuandikishwa foleni. Akijua atarudishiwa mwisho, wa mbali hatatoka nyumbani kabisa.

Viti vipangwe duara. Chai na karanga au mihogo vinatosha. Usimwalike diwani, wala mwandishi wa habari, wala mfadhili. Watakuja na kamera, na watu watakaa kama wako kwenye maonyesho.

Ajenda ni swali moja. Letu la kwanza lilikuwa: "Kitu gani ulikifanya wiki hii ambacho mwezi uliopita hukukiweza?" Mama mmoja alijibu kwamba alisonga ugali akiwa amekaa kwenye stuli. Tukaongea habari ya stuli hiyo karibu saa nzima: urefu wake, miguu yake, fundi aliyeitengeneza. Watatu wakaenda kwa fundi huyohuyo. Sijapata kuona katiba iliyofanya kazi kama stuli ile.

Anayetaka kuvua mguu bandia auvue, aukaushe, na asitazamwe. Ndugu wanaouguza wapewe pembe yao wakae pamoja. Wana mambo yao.

Mkifunga mkutano na watu hawaondoki, wamesimama wawiliwawili wakionyeshana magongo, hatua hii imekamilika.

## Hatua ya 7: Pesa, na si mapema

Kwa miezi sita ya kwanza wekeni kibubu kimoja tu cha nauli, kila mtu akitia alichonacho, na matumizi yasomwe mbele ya wote kila mnapokutana. Msianze kukopeshana. Mkopo ukichelewa, mkopaji anaona aibu kuja, na hapo mmempoteza mtu kwa ajili ya elfu kumi.

Mkishajuana, ndipo muandike katiba na kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Ndani yake asilimia 2 ni kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Masharti yake yamebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo chukueni ya mwaka huo kwa maandishi. Chaguzi za mradi ziangalie mwili: kufuga kuku na kushona ni rahisi kuliko kuuza matunda kwa kuzunguka juani.

Vilevile jitambulisheni kwa CHAWATA, chama cha walemavu, na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu. Wao wanazo njia za kusemea haki ambazo kikundi cha watu kumi na wawili hakina.

## Hatua ya 8: Msimu wa mvua

Vikundi vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa hufa kati ya Desemba na Aprili. Watu wako mashambani, makorongo yamejaa, na gongo linazama kwenye tope. Msipambane na msimu. Tangazeni Novemba kwamba mikutano inasimama hadi mavuno, kisha gawaneni majina: kila mtu apewe wawili wa kuwapigia kila Jumapili jioni. Asiye na simu apewe jirani mwenye simu.

Magongo yabadilishwe mipira ya chini kabla ya mvua kuanza. Mpira uliolika hadi ukawa laini huteleza kwenye tope kama sabuni.

## Hatua ya 9: Kukabidhi

Katika kaunta buku, kila mtu aliyetembelewa awe na mstari wake: jina la kwanza, eneo, tarehe za ziara, nani alimtembelea, jambo moja la kufuatilia. Maradhi na mambo ya ndani ya nyumba yake yasiandikwe humo, maana daftari hupotea.

Mwaka ukipita, pitia majina hayo na mtafute anayeuliza habari za wengine kabla ya kueleza zake. Mwiteni kwenye mazoezi ya Hatua ya 3, alale mkekani awe mgonjwa, kisha ageuke awe mgeni. Ziara yake ya kwanza aende na mwenzake, akae, amsalimie mgonjwa, asiseme zaidi. Ya pili aongoze yeye, na mwenzake abaki nje na yule mwenye chupa ya uji.